Siku Arobaini Bila Jeneza

Mtu akiwashwa mwilini, kwanza hukung'uta mkeka. Mkeka usipotoa kitu, hufukiza kitanda. Kitanda nacho kisipotoa kitu, humlaumu jirani kwa kufuga mbwa. Shati alilolivaa ndilo la mwisho kulivua, na pengine halivui kabisa. Waliotutangulia waliliona jambo hilo wakasema: kikulacho ki nguoni mwako. Wengi huisikia methali hii wakamnyooshea kidole rafiki mnafiki au ndugu hasidi, wala hawakosei. Lakini methali njema ni kama nyumba: ina baraza ya wageni, na ina chumba cha ndani. Hadithi hii ni ya chumba cha ndani, na aliyekiingia ni Kibwana Mkude wa Bigwa.

Katika miaka ile iliyofuata vita vikuu vya pili, hapakuwa na mtu pale Bigwa aliyependwa kumshinda Kibwana. Alilima bamia na mchicha kando ya kijito kiteremkacho kutoka Uluguru, akauza sokoni Morogoro. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya mikono tu. Kazi ya moyo wake ilikuwa kuwazika watu. Popote alipofariki Muislamu, tangu Bigwa hadi Kingolwira, Kibwana alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Aliikata sanda bila kupima mara mbili, aliuosha mwili kwa adabu kana kwamba maiti amelala tu, aliuchimba mwanandani wa kaburi ukanyooka kama mstari wa kalamu, na jeneza lilipoinuliwa, bega lake la kulia lilikuwa mbele. Hakupokea ujira, wala kikombe cha kahawa hakukingoja. "Kibwana ni mtu wa watu," walisema waja, na kweli alikuwa hivyo.

Mtu wa watu huyo, nyumbani mwake hamkuwa na mtu. Mkewe, Mwaisha, alikuwa amerudi kwao Kinole, upande wa pili wa mlima, mwaka wa tatu ulikuwa ukienda. Hakuondoka kwa ugomvi, hakuvunja chungu, hakuacha neno la uchungu nyuma yake. Asubuhi moja ya kipupwe alifagia uwanja, akafunga nguo zake katika kanga, akashika njia ya Kiroka. Mtoto wao wa pekee alikuwa amefariki kwa homa katika masika ya mwaka uliotangulia, naye hakuwa ametimiza miaka minne.

Tangu hapo Kibwana aliishi kama mtu asikilizaye hatua njiani. Alilala upande mmoja wa kitanda, upande wa ukutani akauacha mtupu, kana kwamba mwenyewe amekwenda kuteka maji. Wanawake wa Kinole walipopita na mikungu ya ndizi kichwani, aliitazama miendo yao kabla ya nyuso, maana mwendo wa Mwaisha aliujua hata kwa mbali. Alimtamani kama ardhi ya kiangazi itamanivyo wingu, na kama ardhi hiyo, hakuwa na la kufanya ila kupasuka kimyakimya.

Aliwalaumu wengi. Alimlaumu mama mkwe, kwamba kamfitini. Alilaumu desturi ya ukoo wa Kiluguru, ambayo kwayo mwanamke ni wa kwao na mume ni mgeni wa kudumu. Alimlaumu hata jirani aliyewahi kumpa Mwaisha mbegu za maboga, akashuku kwamba mbegu zile hazikuwa bure. Jioni zilipofika hakuthubutu kuketi na mawazo hayo. Alitafuta kaburi la kuchimba, au mtaro wa msikiti wa kuzibua, akafanya mpaka mwili ukachoka.

Basi mwaka 1951, mvua za vuli zikiwa zinaanza, alimjia Hidaya, mdogo wake Mwaisha, ambaye hushuka Morogoro kuuza ndizi. Alitua mkungu wake barazani akajipangusa uso.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Hidaya. Za Kinole? Dada yako hajambo?"

"Hajambo, naye kanituma. Lakini nipe maji kwanza, maana maneno niliyobeba ni mazito kuliko hizi ndizi."

Alipokwisha kunywa alinyoosha mgongo, akasema kama mtoto asomaye mbele ya mwalimu: "Asema hivi: 'Mwambie Kibwana kwamba nilimwomba jambo moja, nikamwomba mara tatu. Akilikumbuka, aje alitaje kwa kinywa chake, nami nitajua kwamba tuna la kuzungumza. Asipolikumbuka mpaka mwezi wa Mfungo Sita uandame, mjomba Rehani atakwenda kwa liwali kunidai talaka, naye Kibwana asinizuie.'"

"Jambo gani hilo?"

"Shemeji, ningelijua ningekwambia hapa hapa, nikapumzika na huu mlima. Dada hasemi. Kaniambia tu nisipokee zawadi."

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja na nusu. Kibwana alihangaika kama kuku atafutaye pa kutagia. Aliona pengine Mwaisha aliomba nguo. Akamsihi Hidaya, akambebesha doti mbili za kanga. Zilirudi zikiwa zimekunjwa vilevile, na jibu: "Nguo ninazo." Akaona labda aliomba nyumba isiyovuja, akanunua bati, akaezeka upya, akatuma habari. Jibu likaja: "Mvua haikuwa shida yangu." Akaenda mwenyewe Kinole, na Mwaisha hakujitokeza; akamwuliza mama mkwe kwa unyenyekevu alichowahi kukisikia. Bibi yule alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. "Mwanangu," alisema, "hicho unachokitafuta kwangu, hukukiweka kwangu."

Wiki mbili zikapita hivyo. Siku moja, wakiwa wanatoka kuzika Kingolwira, alikutana na Salum, Mnyamwezi wa kikosi cha reli, ambaye kwa desturi ya utani aliweza kumtusi Mluguru hadharani na Mluguru asikasirike. Salum alipaza sauti ili waliokuwapo wote wapate fungu lao.

"Tazameni hiki kiumbe! Maiti za watu wote anazijua kwa majina, mkewe aliye hai hajui alimwomba nini! Mluguru, ungoje afe, labda hapo utamsikiliza!"

Watu walicheka, na Kibwana akacheka nao, kwani mtani hanuniwi. Lakini njiani kicheko kile kilimkauka mdomoni kikabaki kama mwiba wa samaki. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Maalim Abasi, imamu wa msikiti wa Bigwa, mzee mkali wa maneno machache, akamkuta akishona ukanda wa kiatu chake.

"Maalim, nimekuja uniandikie kombe," alisema Kibwana baada ya salamu. "Kombe la kunywa, lifungue kumbukumbu."

"Nikikuandikia, litaingia wapi?" Maalim hakuinua macho. "Umejaa."

 Maalim akakata uzi kwa meno, kisha akasema: "Tangu leo, siku arobaini, usiguse jeneza. Usioshe, usichimbe, usikate sanda."

"Maalim! Si faradhi hiyo?"

"Faradhi kifaya. Wakiifanya wengine, nawe umeondokewa. Kwani thawabu za Bigwa zote umezikodi wewe? Ukishaswali alasiri, rudi kwako, kaa barazani, uelekee mlima. Kaa mpaka magharibi iadhiniwe."

"Nisome uradi gani?"

"Usisome. Wala tasbihi usishike. Wewe hata tasbihi utaifanya jembe. Jiulize neno moja tu: leo nimekimbia nini? Kisha unyamaze, usikie."

"Lakini siku arobaini ni nyingi, Maalim. Mwezi utaandama kabla!"

"Mwezi ni wa Mungu. Wewe keti." Mzee alivaa kiatu chake, akakikanyaga mara mbili kukijaribu, kisha sauti yake ikalainika akaghani:

"Nafsi kisima cha kina, usitupe jiwe ndani;
Ukitulia waona, kilichozama zamani."

Kibwana aliketi. Siku ya kwanza aliona muda ule umesimama kama punda aliyekataa daraja. Mikono yake haikujua pa kukaa. Aliiweka mapajani, akaikunja, akaikalia. Alipojiuliza alichokimbia, akili yake ilijibu habari za bamia zilizokomaa, za mpini wa jembe uliolegea, za nani ataosha maiti Kingolwira na kama ataijua nia ya kuosha. Kichwa chake kilikuwa soko la siku ya gulio: kila wazo linanadi, na hakuna linunualo. Siku ya tano alisinzia. Siku ya tisa alisimama kabla ya wakati, akafika mlangoni, akarudi kwa aibu, ingawa hapakuwa na amwonaye. Siku ya kumi na nne alimlaani Maalim moyoni, akatubu papo hapo.

Hata hivyo kitu kilianza kupungua. Kama vile soko lifungwavyo, wachuuzi mmoja mmoja wakafunga mizigo yao. Siku ya ishirini aligundua kwamba ameusikiliza mlio wa kijito tangu alasiri bila kupanga lolote. Aliutazama mlima jinsi mawingu yanavyoushukia, yakaufunika kilele, kisha mabega, kisha migomba ya chini. Na katika utulivu ule hamu ya Mwaisha ilimjia kwa namna mpya. Zamani ilimjia kama njaa, inayomtuma huku na huku. Sasa ilikuja kama mgeni, ikakaa karibu naye barazani, wala haikumfukuza. Hata hivyo jambo aliloombwa hakulikumbuka, na siku zilikuwa zikiisha.

Siku ya ishirini na saba alifariki mzee fundi cherehani, yule aliyemshonea Kibwana kanzu ya harusi. Maziko yalikuwa baada ya alasiri, na njia ya makaburini hupita mbele ya baraza ile ile. Kibwana alizisikia sauti za kalima kabla ya kuwaona watu. Jeneza lilitokea kwenye kona. Aliona mara moja kwamba wamekosea: wa nyuma kushoto alikuwa mfupi, mzigo ulikuwa ukiyumba, na wa mbele hawakupokezana kwa utaratibu. Bega lake la kulia liliwasha. Naam, liliwasha kweli, kama lililopakwa upupu. Watu walimtazama wakipita, wengine kwa mshangao, mmoja kwa lawama. "Hata huyu humbebi, Kibwana?" alisema mtu.

Mguu wake mmoja ulikwisha kugusa ardhi. Kuinuka hatua mbili tu, kuingiza bega, na angekuwa tena Kibwana wa watu.  Na hapo, mguu mmoja barazani na mmoja chini, swali la Maalim lilimjia bila kuliita: leo unakimbia nini?

Akaurudisha mguu.

Jeneza lilipita. Kalima ilififia, vumbi likatua juu ya majani ya mchicha, na kimya kilichobaki kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuvikalia. Ndani ya kimya kile Kibwana akajiona. Alijiona miaka mitatu na nusu nyuma, siku ya tatu ya msiba wake mwenyewe, akiwa amesimama vivi hivi, mguu mmoja nje na mmoja ndani, kwa kuwa mtu alikuwa amekuja kusema kuna maiti Kingolwira. Na juu ya kizingiti cha chumba alikuwa ameketi Mwaisha, gauni dogo limekunjuliwa mapajani mwake, akiinua macho na kumwambia: "Baba Shamsia, kaa nami hapa kidogo, tumtaje."

"Nakuja," alimjibu. "Subira, mama. Tumwachie Mungu." Akarudi baada ya siku mbili.

Aliomba tena siku ya arobaini, naye Kibwana alikuwa akigawa sinia za wali kwa wageni, akampita. Aliomba mara ya tatu shambani, masika mengine yakiwa yameisha, naye Kibwana, bila kuacha kulima, alimjibu kwamba kumtaja marehemu ni kumsumbua kaburini. Ni kitabu gani kilichosema hivyo? Hapana hata kimoja. Mtume wetu mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe machozi yakamdondoka, na masahaba walimwona. Kibwana alilijua hilo tangu chuoni. Siku ile alilificha, kwa kuwa ukweli ungemlazimisha aketi. Kisha akawakataza watu wa Bigwa wasimwite tena Baba Shamsia. "Niiteni Kibwana tu," alisema, nao wakatii kwa kumstahi, wala Mwaisha hakuitwa tena Mama Shamsia na mtu yeyote. Hivyo mtoto alizikwa mara mbili: mara ya kwanza na homa, mara ya pili na babaye.

Maiti za watu wote alizibeba, ila moja hakuibeba hata siku moja. Kila jeneza aliloliinua lilikuwa ukuta baina yake na jeneza lile dogo.

Alijaribu kulitamka jina. Ulimi uligoma kama mlango uliokaa bila kufunguliwa miaka. "Sha…" alisema, akashindwa. Akajaribu tena. Adhana ya magharibi ilipoanza, jina lilikuwa limetoka zima, nayo machozi yakalifuata mpaka kifuani.

Alfajiri, walipomaliza kuswali, alimuaga Maalim kwamba anakwenda Kinole.

"Siku arobaini hazijatimia, Maalim."

"Jeneza nalo halitakimbia," alijibu mzee. "Nenda. Ila alasiri yako uikae hukohuko."

Alipita Kiroka, akaanza kupanda. Udongo mwekundu ulinata nyayoni kama unaomkumbusha uzito wake. Alfajiri ile hakubeba kanga wala sukari. Alipofika Kinole jua lilikuwa limepinda, na mjomba Rehani alikuwa uwanjani akipasua mianzi ya kusukia tenga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mgeni wa kudumu." Mzee alimkagua toka kichwani hadi miguuni. "Mikono mitupu? Hata kipande cha bati hukutuletea?"

"Mitupu, mjomba."

"Basi pengine hii ndiyo mara ya kwanza umekuja. Yuko kwenye magimbi, kule mtoni. Mwezi waandama kesho kutwa, ujue."

Mwaisha alikuwa ameinama akipalilia, akisogea tuta hadi tuta. Mwendo ule, bega lile. Kibwana alisimama kwanza, maana moyo ulikuwa umemtangulia. Mwaisha alimwona, hakuacha kupalilia.

"Nilikuomba nini, Kibwana?"

"Uliniomba nikae nawe. Tumtaje Shamsia."

Jembe likasimama. 

"Nani kakwambia?"

"Hapana aliyeniambia. Niliketi."

Mwaisha aliegemeza jembe, akajifuta mikono kwa majani. Alipozungumza sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilimwuma Kibwana zaidi. "Mara ya kwanza nilitaka unisaidie kulia. Mara ya pili nilitaka tu unione ninalia. Mara ya tatu, baba, nilikuwa nataka kujua kama mimi si kichaa. Kama kweli tulizaa."

Kibwana hakuomba radhi kwa maneno mengi, ingawa alikuwa ameyapanga tangu Kiroka. Aliketi juu ya nyasi zenye maji, akaacha nafasi kando yake. Baada ya kitambo nafasi ile ikajaa.

"Mtaje basi," alisema Mwaisha.

"Alipenda bamia," alianza Kibwana kwa woga. "Nilikuwa nikimpa mbichi, shambani."

Mwaisha alicheka ghafla, kicheko kilichotoka pamoja na chozi. "Hakuzipenda hata kidogo! Alizificha shavuni, ukigeuka akanitemea kiganjani. Alitaka tu ufurahi."

"Wallahi?"

"Wallahi. Na mawingu yakiufunika mlima, wajua alisemaje? Kwa kuwa mama yangu anakaa huku, yeye mlima mzima aliuita bibi. Alisema, 'Mama, bibi kajifunika shuka.' Kila siku, wakati kama huu."

Kibwana aliinua macho. Siku ishirini na saba aliutazama mlima ule ukijifunika, asijue kwamba palikuwa na neno lake, wala kwamba mwenye neno alikuwa mwanawe. Alilirudia polepole, kama mwanafunzi apokeaye aya mpya, na Mwaisha akamsahihisha sauti, kwa kuwa mtoto hakuwa akiitamka herufi shini vizuri.

Jua liliteremka. Mjomba Rehani alingoja uwanjani, akachoka kungoja, akateremka na kisu chake cha mianzi mkononi. Aliwakuta wameketi, nyuso zimelowa, wakibishana kuhusu kiatu cha mguu mmoja kilichopotea sokoni Morogoro miaka mingi nyuma.

"Nami nataka kujua njia yangu," alisema mzee. "Niende kwa liwali, nisiende?"

Mwaisha hakugeuka. "Mjomba, tuache kwanza. Hatujafika hata kwenye meno yake ya kwanza."

Rehani hakwenda kwa liwali kesho kutwa, wala siku nyingine. Kibwana alikaa Kinole mpaka magimbi yakachimbwa, kisha wakateremka pamoja Bigwa, na watu wakawaita kwa jina la mtoto wao. Aliendelea kuzika watu, lakini baada ya alasiri hakuonekana popote ila barazani kwake, mkewe kando, hata kama kuna msiba wa jirani. Waliomfuata wakati huo walifundishwa kungoja. Hamu ya yule mtoto haikuwatoka, nao hawakutaka iwatoke. Walijifunza tu kuipa mahali pa kukaa. Na mtu alipomlilia Kibwana kwamba nyumba yake imeingiwa na hasidi asiyejulikana, hakumtuma kwa mganga wala kwa mama mkwe. Alimwonyesha pa kuketi, akamwambia avue shati kwanza, maana kikulacho ki nguoni mwako.